Kaakaa Langu na Shimo la Nyuma ya Migomba

Kipande cha kaakaa langu kilidondoka Jumamosi mchana wakati nakula ugali na maharage, nikiwa katikati ya kumweleza mume wangu kwa nini alikosea kumwazima jirani beberu wetu. Nilihisi kitu laini juu ya ulimi, nikadhani ni ganda la harage. Nikakitoa kwa vidole na kukitazama. Kilikuwa cha kijivu, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, na hakikufanana na kitu chochote nilichopika siku hiyo.

"Ni ganda la harage," alisema mume wangu.

"Hili si ganda."

"Ni ganda, Mwalimu. Kula."

Nieleze kwanza kwamba mume wangu huniita Mwalimu, kama kijiji kizima kinavyoniita, na kwamba tangu tufunge ndoa hajawahi kukubaliana nami juu ya jambo lolote. Nikisema mvua inakuja, yeye anasema inapita. Nikisema chumvi imezidi, yeye anaomba aongezewe. Si ugomvi huo. Ndivyo tunavyozungumza, na watoto wetu wawili walikua wakidhani kila nyumba iko hivyo.

Nilikwenda kwenye kioo cha sebuleni, nikawasha tochi ya simu, nikaachama. Juu, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda chekundu chenye kingo zilizoinuka, na ncha ya ulimi ilizama ndani yake. Wiki moja kabla palikuwa pamevimba na kuuma. Nilipuuza, kwa sababu majuma machache nyuma nilikuwa nimeng'olewa jino la juu upande huohuo, nikafikiri kinywa kimenuna tu kwa kunyang'anywa mali yake. Sasa maumivu yalikuwa yamepungua, na badala yake nina shimo. Nikamwita mume wangu aje aangalie.

Aliangalia kwa muda mrefu. Nilisubiri aseme kwamba si kidonda, ni kivuli. Alizima tochi, akanirudishia simu, akaniambia anakwenda kuwalisha nguruwe. Nguruwe walikuwa wameshakula, nilikuwa nimewalisha mwenyewe muda si mrefu. Nikawasikia huko bandani wakifurahia mlo wa pili, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumatatu tulipanda bodaboda mbili, yeye yake na mimi yangu, tukaenda hospitali. Tabibu wa meno aliniangalia, akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita daktari. Daktari akawaita wanafunzi wanne waliokuwa kwenye mafunzo. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja na nimezoea watoto kunitazama mdomoni wakisubiri irabu, lakini wale hawakuwa wanasubiri irabu. Mwanafunzi mmoja alianza kuandika, daktari akamkazia macho, naye akaifunga kalamu.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi," alisema daktari.

Maneno hayo nayajua vizuri. Ndiyo ninayowaambia wazazi wa mtoto ambaye najua hatavuka darasa.

"Ni kansa?" nilimuuliza.

"Sitakudanganya, inafanana nayo sana. Lakini kwa macho siwezi kusema ndiyo. Tutakata kinyama kidogo, tukipeleke kikapimwe kwa darubini. Nakuomba usubiri majibu kabla hujaamua chochote."

"Siku ngapi?"

"Wiki nne, pengine tano. Kwa sasa usile cha moto, wala cha pilipili, wala kigumu. Uji ukipoa kabisa, kunywa."

Niliwahi kuwa na mapacha darasani, wavulana, na kwa mwaka mzima nilikuwa namwadhibu yule mpole kwa makosa ya yule mtundu. Kwa hiyo mimi kuliko wote ningepaswa kujua kwamba vitu vinaweza kufanana bila kuwa kimoja. Lakini kati ya yote aliyoyasema daktari, nilitoka pale na neno moja tu, na halikuwa "kusubiri".

Tulipokuwa tunasubiri bodaboda nilimwambia mume wangu kwamba yule daktari ni mtoto mdogo.

"Kweli, Mwalimu, ni mdogo," alisema.

"Lakini anaonekana anaijua kazi yake."

"Anaijua. Hata mimi nimeona."

Nilimwangalia. Alikuwa anatazama barabara. Jioni nilimwambia viazi havijaiva, akasema kweli havijaiva. Kesho yake nilimwambia paa la banda linataka bati jipya, jambo tulilobishania kwa miaka sita, akasema kweli linataka. Nilipofika siku ya tatu bila kubishiwa, nilijua nakufa. Majibu ya darubini niliyaona kama karatasi tu ya kukamilisha taratibu.

Dada yake, wifi yangu, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ni mjane, ni mkubwa kwa mume wangu, na amerithi kutoka kwa mama yao sauti, shamba la kahawa la juu, na tabia ya kuingia bila hodi. Aliingia siku ya nne.

"Pole, wifi. Hebu fungua."

Nikafungua. Alitazama, akarudi nyuma, akaketi.

"Hiki ni kile," alisema.

"Kile kipi?"

"Kile chenyewe." Wifi yangu haogopi nyoka wala mwenyekiti wa kijiji, lakini neno kansa hatalitamka hata umshikie panga.

Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinajua. Wakaanza kuja. Kwetu huku mgonjwa haachwi peke yake hata akiomba. Walikuja na unga, sukari, ndizi, kuku wa miguu iliyofungwa, na kila mmoja, baada ya kunipa pole, aliinama kidogo na kuuliza kama anaweza kuona. Nilikuwa nakaa kwenye kiti barazani, naachama, wanapokezana tochi ya simu. Mzee mmoja wa kanisani alitazama, akavua kofia. Binti yangu alipiga simu ya picha kutoka Dodoma akaniambia, "Mama, sogeza kamera," nami nikamwonyesha, na mtandao ukaganda kinywa changu kikiwa wazi, akabaki na picha hiyo kwa dakika nzima. Anasema mpaka leo ikimjia anashindwa kula.

Hapa lazima niseme habari ya ngoro, vinginevyo hakuna kitakachoeleweka.

Mimi nimezaliwa ufukweni mwa ziwa, pande za Chiwanda, ambako ardhi ni tambarare na kitoweo kinatoka majini. Niliolewa huku juu, kwenye milima ya Umatengo, ambako mashamba yamesimama wima. Ili mvua isiyasombe, watu wa huku wanalima ngoro. Mwanamume anafyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari inayokatizana, mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba. Kazi yake imekwisha hapo. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuumwaga udongo juu ya majani pande zote nne. Panabaki shimo la kutunza maji, na kwenye kingo zake panapandwa maharage. Mwanamume hachimbi ngoro. Hakuna sheria iliyoandikwa, kama vile hakuna sheria inayomkataza padri kusuka nywele.

Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, sikuwa nimewahi kuona ngoro. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipa jembe na mraba mmoja. Nilichimba asubuhi nzima. Alikuja, akatazama, akawaita majirani nao watazame, kisha akalifukua na kulilima upya mbele yao. Kosa lilikuwa kona. Alisema kona zangu zimelala, na kwamba shimo langu ni refu kuliko upana. Aliyasema hayo kila mwaka, kila Machi, kwa miaka ishirini na miwili, hata baada ya mimi kujifunza na mashimo yangu kunyooka kuliko ya binti yake. Siku tuliyomzika nyuma ya migomba nililia kama wengine, lakini nilipotazama kaburi lake nilikagua kona.

Mwaka huu wa kaakaa, Machi ilinikuta na uji wangu wa baridi. Mume wangu alikuwa ameshafyeka na kupanga majani shamba zima la mteremko wa mbele, linaloonekana kutoka barabarani. Yalibaki hivyohivyo, miraba mitupu. Wifi alikuwa na ngoro zake mwenyewe. Kila asubuhi nilikuwa naitazama ile miraba kutoka barazani, na kila aliyepita barabarani aliitazama pia, kisha akanitazama mimi.

Juma la pili mdogo wangu wa kiume alipanda kutoka ziwani, amebeba mbasa wakavu na ndoo ya dagaa, ingawa niliruhusiwa kula uji tu. Ni mwalimu wa Jumapili katika kanisa letu la Anglikana la huko nyumbani, na ana sauti ya kusomea masomo marefu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umebeba samaki wote hao?"

"Wa wageni," alisema, kisha akaona amesema vibaya, akaomba maji ya kunywa.

Alipokwisha kunywa alinieleza kilichomleta. Ukoo ulikuwa umekaa. Mimi nilikuwa nimewazalia watu wa mlimani, nimewalimia, nimewafundishia watoto wao kusoma, na sasa ukoo ulitaka kitu kimoja tu, nirudi nikalale kwetu. Walikuwa wameshanisafishia mahali karibu na baba. "Unaona ziwa lote," aliniambia, kana kwamba ananikodishia chumba. Nilimwuliza kama ameshasikia kwamba majibu hayajatoka. Alisema amesikia, na kwamba wanajiandaa tu kwa lolote. Akaenda nyuma kutafuta choo.

Alirudi akitembea haraka. Mume wangu na wifi walikuwa wameketi barazani pamoja nami.

"Shemeji," alisema, akiwa bado amesimama, "nakuheshimu sana. Sisi tunasafisha mahali, lakini hatuchimbi. Lile shimo la nyuma ya migomba ni la nani?"

Mume wangu alimtazama, akamtazama dada yake, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Ni shimo tu," alisema.

"La nini?"

"La kawaida."

Wifi alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda mpaka mwisho wa migomba, akasimama huko kwa mbali, maana mtu hasogelei kitu cha namna ile bila sababu, kisha akarudi na kukaa. Alizungumza kama anayetoa ushahidi.

"Ni kweli lipo. Ni refu kuliko upana. Udongo umelundikwa pande zote. Liko hatua nne kutoka kwa mama."

"Nimesikia nyie huku mnalima mashimo," alisema mdogo wangu, aliyeanza kuogopa moto aliouwasha. "Labda ni lile la kulima."

"Ngoro?" Wifi alimwonea huruma. "Baba, nani amewahi kulima ngoro moja? Na amelima nani? Wifi huyu hapa na kikombe chake. Mimi sijalima. Mwanamume hachimbi ngoro. Mwanamume wa huku akichimba shimo, ni la choo au ni la mtu. Na choo tunacho, umetoka huko sasa hivi."

Mgeni hakujua ngoro, kwa hiyo angeweza kudanganyika kwamba shimo lile ni ngoro. Sisi tuliozijua ngoro hatukuweza. Nilimgeukia mume wangu.

"Mzee. Ni kweli?"

"Kunywa uji, Mwalimu," alisema. "Unapoa."

Uji ulikuwa umepoa tangu asubuhi kwa amri ya daktari.

Sijui kama ninaweza kueleza nilichosikia pale. Kufa nilikuwa nimeshaanza kukuzoea, kidogokidogo, kama mtu anavyozoea maji ya baridi. Lakini kwamba mtu niliyekula naye sahani moja miaka thelathini alikuwa ameamka asubuhi, akachukua jembe, akanitoa kwenye hesabu ya watu walio hai wakati bado nampikia chai, hilo lilinichoma kuliko kidonda. Na kwamba alichagua kuniweka hatua nne kutoka kwa mama yake, nikasikilize habari za kona mpaka siku ya ufufuo. Nilisimama, nikamwambia mdogo wangu aende akauambie ukoo nimekubali, nakuja ziwani.

Nilinyamaza kwa wiki mbili. Nilimsemesha mume wangu mambo ya lazima tu: nguruwe, mlango, simu inaita. Nyuma ya migomba sikukanyaga. Niliapa sitalitazama shimo lile mpaka nitakapobebwa kulipita. Nilichukua daftari jipya la mistari nikaandika wasia. Kwanza, nizikwe kwetu, ufukweni. Pili, wifi asisome wasifu wangu, kwa kuwa ataongeza. Tatu, kwaya isiimbe kwa haraka kwa sababu ya mvua. Nne, ndoo ya dagaa irudishwe, ni ya mama mdogo.

Nilihitaji shahidi, na kwa ukali niliokuwa nao nilimpa yeye. Alisoma yote taratibu, kidole kikifuata mstari, nami nilisubiri aseme lolote juu ya namba moja. Angesema hata neno moja ningelipasua daftari. Alisaini mahali nilipomwonyesha, akanirudishia, akasema kalamu inavuja.

Karatasi ilikuwa na tone. Kalamu ilikuwa mpya, na wino wake ulikuwa wa bluu, na lile tone halikuwa na rangi. Niliona vizuri sana. Sikutaka kulielewa, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inanisaidia nisiogope.

Wiki ya tano daktari alipiga simu. Tulikwenda watatu, mimi, mume wangu, na mdogo wangu, aliyekuwa amepanda tena kutoka ziwani safari hii bila samaki. Daktari aliniambia niachame kwanza kabla ya kusoma chochote. Alitazama, akatabasamu, akavua glovu.

"Mwalimu, umekiangalia kidonda chako karibuni?"

Sikuwa nimekiangalia. Nilikuwa nimechoka nacho. Wageni nao walikuwa wamepungua tangu habari ya shimo ienee, maana watu huona aibu kumtembelea mtu aliyekwisha kuchimbiwa.

"Kimebaki kidogo sana," alisema. "Kinafunga chenyewe. Na majibu yanasema hivyohivyo. Si kansa."

Alinieleza taratibu, akinichorea nyuma ya bahasha. Ndani ya kaakaa kuna tezi ndogondogo za mate, nyingi, hazionekani. Damu ikizipungukia, pengine kwa sababu ya jino, au sindano, au kuungua, au kwa sababu isiyojulikana kabisa, zinakufa, na nyama ya juu yake inadondoka. Kinachobaki ni kidonda ambacho ukikitazama kwa macho ni kansa moja kwa moja. Hata kwenye darubini kinaweza kumpoteza mtu mwenye haraka, na ndiyo maana walikisoma watu wawili. Hakuna aliyekosea kunitibu jino. Hakina ubaya na hakirudi ovyo.

"Dawa yake?" niliuliza.

"Hakina dawa. Kinapona tu. Kilikuwa kinapona muda wote uliokuwa unasubiri."

"Kwa hiyo hafi?" aliuliza mdogo wangu.

"Atakufa," alisema daktari, "lakini si kwa hili."

Mdogo wangu alishukuru Mungu kwa sauti ya kanisani, kisha akaanza kukuna kidevu, nikajua anafikiria atakavyoueleza ukoo, na lile eneo lote lililofyekwa. Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, mkono usoni, na aliponiona akasema kuna vumbi. Nilipita bila kumjibu. Furaha ilikuwa imenijaa mpaka miguuni, lakini nilikuwa na kazi moja nyumbani, na niliitaka niifanye hasira yangu ikiwa bado ina moto.

Nilifika, sikuvua hata viatu. Nilichukua jembe nyuma ya mlango, nikapita migomba kwenda kulifukia kaburi langu.

Nilichokuta kwanza ni maharage. Yalikuwa yameota pande zote nne za shimo, yamepita kifundo cha mguu, na yamejaa majani mabichi. Nilisimama. Nikapiga magoti, nikafukua ukingo kwa vidole. Chini ya udongo palikuwa na majani makavu, yamepangwa kama inavyotakiwa, yameanza kuoza. Hakuna mtu anayetandika majani chini ya udongo wa kaburi, na hakuna anayelipanda mbegu. Ilikuwa ngoro. Ilikuwa ngoro mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, kona zimelala, ndefu kuliko upana, ukingo mmoja umebomoka na kushikizwa kwa vijiti. Lakini ilikuwa na maji ndani.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilitaka kujifunza kwanza mahali pasipoonekana," alisema. "Nikishajua, nilime lile la mbele. Nilijua unalitazama kila asubuhi." Akajishika kiuno. "Hili moja lilinichukua siku nne. Na mgongo."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya shemeji? Mbele ya dada?"

"Siku zile zote nyingine, mimi na wewe?"

Alichezea kola ya shati lake. "Ningekwambia nini? Kwamba nachimba kwa sababu nadhani wewe hutachimba tena? Bora ukasirike. Ukikasirika unakula."

Mtu huyu alikuwa radhi nidhani amenichimbia kaburi kuliko watu wajue ameshika kazi ya mwanamke, na alikuwa radhi nimchukie kuliko nisikie kutoka mdomoni mwake kwamba anaogopa nitakufa. Nililia. Nililia vibaya, nimepiga magoti kwenye maharage, na sikutafuta vumbi la kusingizia. Alisimama pale akinishika bega. Nilipoweza kusema, nilisema kitu cha kwanza kilichonijia.

"Kona zimelala."

"Hazijalala," alisema mume wangu.

"Zimelala. Angalia ile."

"Ile ni mteremko. Kona imenyooka."

"Na ni refu."

"Si refu. Umelitazama kwa upande."

Tulikuwa tumefika kwenye ukingo wa pili, sauti zimepanda, tulipomsikia wifi anakuja kati ya migomba. Mume wangu alirudi nyuma kama aliyegusa moto. Jembe lilikuwa chini, hakuna aliyelishika. Wifi alitokea, akayatazama machozi yangu na udongo wa mikononi, akatazama maharage, akasogea karibu kwa mara ya kwanza, akainama.

"Kumbe ni ngoro," alisema. "Nani amelima ngoro ya namna hii?"

Mume wangu alitazama mbali, kuelekea kaburi la mama yake. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Ningeweza kunyamaza.

"Mimi," nilisema. "Siku moja nilijisikia nafuu, nikajaribu."

Wifi alizunguka shimo lote polepole, akagusa kona kwa ncha ya kiatu, akatikisa kichwa.

"Nilikuwa najua," alisema. "Hizi kona ni zako. Mama alisema hutajifunza."

Nilimwambia kweli, mama alisema. Kisha niliokota jembe, nikaenda kwenye miraba ya mbele.